Alikubali kwa Lugha Gani

Maneno yale Tekla aliyaokota mnadani, kwa Mwanaamina anayeuza vitenge. Mwanaamina naye alisema si yake, ameyapata kwa mteja. Ilisemwa kwamba kule hospitali kubwa mwanamke wa Kibarbaig asiyejua Kiswahili akienda kujifungua kwa kisu, anarudi amefungwa kizazi. Hawamuulizi. Wanamshona kama gunia la mahindi, wanampa mtoto wake, wanamruhusu, na yeye anakaa nyumbani miaka anasubiri mimba ambayo haitakuja.

Wanawake waliokuwa wanachagua vitenge walicheka. Mmoja alisema basi tujifunze kusema "samahani dokta", tutapona. Tekla alicheka nao. Alilipa, akakunja kitenge chake, na kabla hajafika nyumbani Mogitu kicheko kilikuwa kimekwisha, maneno yamebaki.

Sababu ilikuwa Fausta, binti yake. Mimba ya Fausta ilikuwa imekaribia kutimia, na mara mbili za nyuma alijifungua kwa kupasuliwa. Mtoto wa kwanza yupo, anakimbiza kuku hapo uani. Wa pili alikufa kabla hajajua kukaa. Na Kiswahili cha Fausta ni cha mnadani: anajua kusalimia, anajua hesabu, anajua kukataa bei mbaya ya mbuzi. Zaidi ya hapo ni Kidatoga tu, lugha yetu Wabarbaig, maana alilelewa na bibi yake mzaa baba huko tambarare, nyuma ya ng'ombe. Tekla yeye alimaliza darasa la saba. Anasoma Biblia, anasoma maandishi kwenye dawa, na akiongea na watu wa ofisini hababaiki. Lakini haendi kuzaa Tekla, anakwenda Fausta.

Kliniki walikuwa wamesema wazi: huyu asisubiri uchungu, aende akakae karibu na hospitali wiki za mwisho. Yonas, mume wake, alikuwa mbali kusini na ng'ombe anatafuta malisho, ndiyo maana Fausta alikuwa kwa mama yake. Yonas alipiga simu kila alipopata mtandao, akiuliza kama wameshakwenda. Tekla alimjibu wanajiandaa. Akasema wataondoka Jumatatu. Jumatatu ikafika, akasema barabara ina tope. Tope likakauka, akasema kuna jirani amefiwa, haifai kuondoka kabla ya mazishi. Ukweli ni kwamba kila akifungua mdomo kusema "twende", alimwona binti yake ameshonwa kama gunia.

Fausta alimwona mama yake anavyohangaika, akaamua asimwongezee. Maji yalipoanza kumtoka kidogo kidogo, alijifunga kitambaa akanyamaza. Alidhani yatakoma.

* * *

Uchungu ulipoanza hapakuwa tena na sababu za kutafuta. Tekla aliuza mbuzi kwa jirani kwa bei aliyotaja jirani, hakubishana, akaita bodaboda wakapakiana wote wawili, Fausta katikati. Walipofika hospitali (jina lake tuliache) mlango wa wodi ya wazazi ulikuwa umejaa watu na meza ya nesi ilikuwa imejaa makaratasi.

Nesi aliitwa Hilaria. Ni Muiraqw wa upande wa Mbulu, mwanamke mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na siku hiyo alikuwa peke yake kwa kazi ya watu wengi. Tekla alimsalimia, akaitikia bila kuinua macho. Akamuuliza Fausta jina, Fausta akasema. Akamuuliza jina la mume, Fausta akasema Yonas.

"Yonas nani?"

Fausta alitazama sakafu.

"Mama, Yonas nani? Wako wengi, hata mimi nina mjomba Yonas."

Fausta alijivutia kitenge mdomoni. Watu wa kwenye benchi walianza kusikiliza. Hilaria aliweka kalamu chini, akawageukia kama vile anawaomba wawe mashahidi, akatuita kwa lile jina letu la dharau.

"Hawa Mang'ati jamani. Mtu amezaa na mwanaume, jina lake hajui."

Benchi likacheka. Si kicheko kibaya sana, ni kile cha watu waliochoka kukaa. Lakini Fausta alikielewa, maana kicheko hakihitaji mkalimani.

Tekla akasema, "Yonas Gidamowsa. Hilo jina la pili ni la baba mkwe wake. Kwetu mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe. Analijua kuliko wewe unavyolijua la mjomba wako."

Hilaria aliandika. Alisema haya, mila zenu mtazieleza siku nyingine, hapa tunaandika majina. Kisha akamwambia Tekla glovu zimekwisha, pamba imekwisha, akanunue duka la dawa la nje ya geti, na akirudi asubiri nje kwa sababu daktari yuko karibu kuanza raundi na ndugu hawaruhusiwi.

"Huyu hajui Kiswahili, sista," Tekla akasema. "Nikitoka ataongeaje na daktari?"

"Tunaye wa kutafsiri. Mzee Gidobat, mlinzi wetu. Ni wa kwenu kabisa. Siku zote anatusaidia."

Tekla alimjua Gidobat. Ni mzee mstaarabu, mpole, koti la ulinzi amelifunga vifungo vyote. Na ni ndugu wa ukoo mmoja na Gidamowsa. Kwa hiyo kwa Fausta yule si mlinzi, ni baba mkwe. Tekla alitaka kulisema hilo, lakini Hilaria alikuwa ameshamwita mtu mwingine, na uchungu wa Fausta ulikuwa unarudi, na duka la dawa lina foleni. Alitoka mbio.

* * *

Hivi ndivyo ilivyokuwa ndani wakati Tekla yuko kwenye foleni.

Daktari Abdulrahim alikuwa kijana aliyehamishiwa huku kutoka mbali. Baridi ya huku alikuwa bado hajaizoea na alivaa sweta chini ya koti jeupe. Si mtu mbaya. Alikuwa hajala, na kabla ya kitanda cha Fausta alikuwa amepita vitanda vingine vingi, kila kimoja na shida yake. Alimwita Gidobat, na Gidobat akaja akasimama miguuni mwa kitanda, mikono nyuma, uso ameuelekeza dirishani. Fausta alipomwona, alijifunika kitenge mpaka puani.

Daktari aliuliza uchungu umeanza lini. Gidobat alilitamka lile swali kwa dirisha, na Fausta akalijibia kwenye shuka. Hilo lilipita.

Daktari akauliza ana watoto wangapi hai. Gidobat alikumbuka yule mdogo aliyekufa. Alikwenda mazishini. Ilimwia vigumu kumuuliza mkwe wake jambo la msiba akiwa amelala na uchungu, tena mbele ya watu. Akasema, "Wawili." Hakumuuliza.

Daktari akauliza kama chupa ya uzazi imepasuka, kama maji yametoka, yana rangi gani, kama kuna damu, kama mtoto anacheza.

Hapa nyie watu wa nje hamtaelewa, kwa hiyo tuseme. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawaongei habari za mwili. Hakuna faini inayomlazimisha mtu, ni kitu kiko kwenye damu. Mzee akitamka habari hizo mbele ya mkwe wake ni kama amevua nguo barabarani. Gidobat alijua hawezi kuuliza. Angeweza kumwambia daktari, "Huyu ni mkwe wangu, mtafutieni mwanamke." Lakini miaka yote aliyosimama pale ndiye anayeitwa, ndiye anayeshukuriwa, madaktari wanampa mkono mbele ya watu. Kusema "siwezi" kulimshinda. Alikohoa kidogo, akanong'ona maneno mawili matatu ya pole, Fausta akaitikia kwa heshima, na Gidobat akamgeukia daktari.

"Anasema hakuna tatizo."

Daktari aliandika. Joto la mwili lilikuwa juu kidogo, akasema labda ni safari. Akasema kwa kuwa ni mara ya tatu kupasuliwa, na kwa kuwa uchungu bado mchanga na hakuna dharura, atapasuliwa kesho asubuhi. Kisha akasema jambo la mwisho, tena alilisema vizuri, kwa upole: kwamba mji wa mimba ukipasuliwa mara nyingi unakuwa hatari, mimba nyingine inaweza kumuua, na kwa kuwa tayari ana watoto wawili na huyu atakuwa wa tatu, anamshauri wamfunge kizazi hapo hapo. Je, anakubali?

Gidobat alisema kwa Kidatoga, kwa dirisha, kwamba daktari anataka kumsaidia ili awe salama, akubali.

Fausta akasema ndiyo. Alilisema kwa Kiswahili, wazi, kama anavyowaitikia wakubwa wote. Daktari akasikia kwa masikio yake mwenyewe. Hilaria akaleta karatasi na wino.

* * *

Tekla alirudi na mfuko wa glovu, akamkuta Fausta ameketi kitandani anaangalia dole gumba lake. Lilikuwa la zambarau.

Alimuuliza kwa Kidatoga ameweka dole kwenye nini. Fausta akasema hajui, mkwe amesema daktari anataka kumsaidia. Tekla aliona shuka ya hospitali imelowa chini. Akamuuliza hayo ni maji gani.

"Ni ya mtoto. Tangu juzi."

"Tangu juzi? Umemwambia daktari?"

Fausta alimtazama mama yake kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakucheza ngoma uchi.

"Mama, mkwe alikuwa amesimama pale."

Tekla akamuuliza, na mtoto anacheza? Fausta akasema jana alicheza. Leo asubuhi kidogo. Tangu wafike, hajui.

Tekla aliweka glovu chini. Alitembea mpaka pale daktari alipokuwa, kitanda cha mwisho wa wodi, na akasimama katikati ya njia ambayo toroli ingepaswa kupita.

"Shikamoo daktari," akasema, ingawa daktari alikuwa rika la mwanawe wa mwisho. Alitaka ianze kwa heshima ili asije akaambiwa baadaye kwamba alianza kwa matusi.

Hilaria alimwona kwa mbali akaja. "Mama, nilikwambia nje. Ndugu hawaruhusiwi wakati wa raundi."

"Sitoki."

"Nitamwita mlinzi."

"Mwite. Ndiye ninayemtaka."

Gidobat akaja. Daktari Abdulrahim alivua miwani akaifuta kwa ncha ya koti. Alimwambia Tekla kwamba binti yake ameshaonwa, ameelezwa kila kitu, na amekubali.

"Alikubali kwa lugha gani, daktari?"

"Mama, alitafsiriwa. Na 'ndiyo' aliisema mwenyewe kwa Kiswahili, nimeisikia."

"Hiyo 'ndiyo' hata ukimwambia ng'ombe zake zimekufa atakupa. Wewe ni mkubwa, umesimama, yeye amelala. Amekuheshimu. Hajakubali kitu."

Daktari alimgeukia Gidobat, akamuuliza kama alimweleza yule mgonjwa. Gidobat akasema alimweleza. Alisema watu wetu hawa ni wagumu kidogo, hawajazoea hospitali, mama naye ana wasiwasi, mumsamehe.

Tekla hakupandisha sauti. Alimgeukia yule mzee, akainamisha kichwa kidogo kama inavyotakiwa, halafu akasema kwa Kiswahili ili wote wasikie.

"Mzee wangu, ulimuuliza kama maji yamemtoka?"

Gidobat aliangalia viatu vyake.

"Ulimuuliza watoto wake walio hai ni wangapi? Maana yupo mmoja. Mwingine tulimzika wote, na wewe ulishika koleo."

Kifungo cha juu cha koti la Gidobat kilikuwa kinapanda na kushuka. Mwisho akasema, taratibu, kwamba mambo mengine mzee hawezi kumuuliza mkwe wake.

"Najua," Tekla akasema. "Hata mimi ningekushangaa ungemuuliza. Lakini kwa nini ulijibu?"

Hilaria aliyekuwa ameshika mkono wa Tekla amtoe, aliuachia.

* * *

Daktari alipoambiwa maji yanatoka tangu juzi, hakungoja kuambiwa mengine. Alikwenda kitandani kwa hatua kubwa, akaomba kile chombo cha kusikilizia mapigo ya mtoto, akainama muda mrefu. Aliposimama uso wake ulikuwa umebadilika. Aliagiza maandalizi yaanze saa hiyo hiyo. Kesho haikuwepo tena.

Ila alikuwa na hasira pia, na hakuificha.

"Nyie mlitakiwa muwe hapa wiki zilizopita. Kliniki wameandika. Mlikuwa wapi?"

Tekla alisema walikuwa nyumbani. Daktari akauliza kwa nini. Tekla akamweleza maneno ya mnadani yote, bila kukata, pamoja na gunia. Alisema mbele ya Hilaria na mbele ya wodi. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na mimi leo nusura niwe ushahidi wa maneno hayo," akasema. Halafu akasema, "Lakini ungemuua mtoto kwa maneno ya sokoni, mama. Hilo nalo ulijue."

"Nimelijua. Sasa tumalize."

Tekla aliomba mzee Gidobat atoke, na mzee akatoka bila kuambiwa mara ya pili, akafunga mlango kwa nje polepole. Pazia likavutwa. Wakabaki wanne: daktari, Hilaria na wino wake, Tekla, na Fausta ambaye uchungu ulikuwa unampanda na kumshuka.

Daktari alisema upasuaji uko pale pale, lakini suala la kufunga kizazi analiuliza upya. Alilieleza tena kuanzia mwanzo. Akauliza anataka?

"Hapana, hataki," Tekla akasema.

"Sijakuuliza wewe, mama."

Ilimwingia Tekla moja kwa moja. Alikuwa amesimama pale pale aliposimama Gidobat, na amefanya kile kile. Aliinama sikioni kwa binti yake, akayapeleka maneno ya daktari kama yalivyo, hata yale ambayo hakuyapenda: kwamba mimba nyingine inaweza kumuua, kwamba daktari hasemi uongo, kwamba wakimfunga hatazaa tena kabisa, na kwamba anayeamua ni yeye.

Fausta aliuliza swali. Tekla akalifasiri: asipofungwa leo, atakufa leo? Daktari akasema hapana, si leo, hatari iko kwenye mimba ijayo. Fausta akauliza la pili: kuna njia ya kukaa miaka bila kushika mimba, halafu akaamua baadaye? Daktari akasema ipo, tena siyo moja, na kufunga hata mwakani kunawezekana kama akitaka. Hilaria, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema hata yeye anatumia kijiti cha uzazi wa mpango, akajipapasa mkono.

Fausta alisubiri uchungu mmoja upite. Kisha akashusha kitenge usoni, akamtazama daktari mwenyewe, na akalitoa kwa Kiswahili chake cha mnadani, kwa sauti ile ile anayomkatalia mnunuzi bei mbaya ya mbuzi wake:

"Leo hapana."

Hilaria aliondoa karatasi ya kwanza iliyokuwa na yote mawili, akaichana mara mbili. Alileta nyingine yenye upasuaji tu, akaisoma mstari kwa mstari, akisubiri Tekla afasiri, akisubiri Fausta aitikie. Walipofika mahali pa dole, Fausta akauliza tena hapo pameandikwa nini. Hakuna aliyecheka.

* * *

Mtoto alikuwa wa kike. Alitoka amelegea na alichelewa kulia, na nje ya mlango Tekla alisimama ameng'ang'ania mfuko wa glovu zilizobaki mpaka ukapasuka. Mtoto alipolia, alilia vibaya kwa hasira, na nesi wa ndani akatoa kichwa akasema, huyu mtakoma naye. Fausta alipata homa kali ya maji yale, akalazwa muda mrefu kwa sindano. Mbuzi mwingine akauzwa. Safari hii Tekla alibishana bei.

Hilaria alijifunza maneno ya Kidatoga ya "maji" na "damu" na "mtoto anacheza", akawa anayajaribu kwa kila Mbarbaig anayelazwa, kwa matamshi ya kuchekesha, na wanawake walimcheka waziwazi. Safari hii hapakuwa na ubaya. Neno Mang'ati hatukulisikia tena mdomoni mwake, labda analisemea nyumbani.

Yonas alipiga simu kutoka kusini. Swali lake la kwanza halikuwa mtoto. Aliuliza kama ni kweli wamemfunga mke wake, maana habari zilikuwa zimeshamfikia huko aliko. Tekla akampa Fausta simu, akatoka nje, hakutaka kusikia mambo ya watu wawili.

Waliporudi Mogitu ndipo shida ya pili ilipokuja. Baba mkwe Gidamowsa alikuja kumwona mjukuu. Alimbeba, akamtemea mate ya baraka, akafurahi. Kisha akampa Fausta mtoto, akasubiri aingie ndani, akamwambia Tekla kwamba kuna neno limekaa vibaya. Ndugu yake Gidobat ameaibishwa. Ametajiwa habari za maji ya uzazi za mkwe wake mbele ya wageni na mbele ya wanawake wa makabila mengine, ameulizwa maswali kama mwizi, ametolewa chumbani. Mzee wa watu haendi hata kilabuni. Ukoo umeona ni vizuri Tekla atengeneze pombe ya asali, wazee wakae, aombe radhi, yaishe.

Tekla alimkaribisha mzee uji kwanza. Alimsubiri anywe.

"Mzee wangu, aibu ninaijua. Nesi alimcheka mkwe wako mbele ya benchi zima kwa sababu alilinda jina lako. Aliona afadhali aonekane mjinga kuliko kulitamka. Ulilisikia hilo?"

Gidamowsa alisema hakulisikia.

"Hukuambiwa, kwa sababu ile ilikuwa aibu ya mwanamke. Na siku hiyo hiyo mila ileile ingemzika, yeye na huyu uliyemtemea mate, kwa sababu mwanaume mmoja aliona haya kusema 'siwezi'. Mila haina kosa. Mkwe wako aliishika mpaka mwisho. Ndugu yako ndiye aliyetaka kushika mila na kushika kazi ya kutafsiri, vyote kwa mkono mmoja."

"Kwa hiyo hutengenezi?"

"Asali ipo. Siku ya kumpa mtoto jina nitatengeneza mpaka mshindwe kusimama. Ndugu yako aje, nitamkaribisha mimi mwenyewe kiti cha mbele. Lakini pombe ya kosa, sina."

Mzee alisema wewe mama una mdomo. Tekla akasema ndiyo, na siku ile ulikuwa mmoja tu, wangekuwa wanawake wengine wa kwetu pale wodini nisingelazimika kuutumia peke yangu. Gidamowsa aliaga akaondoka. Ukoo bado haujakubali. Wapo wasiomsalimia Tekla njiani hadi leo, na pombe ya kosa hadi leo haijapikwa.

Wanaokuja kwake ni wanawake. Wanakuja na mimba zao, na mabinti zao, wengine kutoka mbali huko Balangdalalu, wanataka kujua wafanye nini. Tekla anawaambia la kufanya kila mtu atajua kwake, yeye anawaambia ya kuepuka. Ndiyo haya:

Usikae nyumbani kwa sababu ya maneno ya mnadani. Kama unaogopa, kaogopee hospitali.

Usiende peke yako kama Kiswahili chako ni cha kuuzia mbuzi. Usiende na mwanaume wa kukusemea. Nenda na mwanamke.

Usikubali mkwe, wala shemeji, wala mwanao wa kiume atafsiri habari za mwili wako, hata awe mpole kiasi gani. Hapo hapo sema, huyu siongei mbele yake.

Usiseme ndiyo kwa heshima. Heshima ni shikamoo, inatosha.

Usiweke dole kwenye karatasi ambayo hujasomewa kwa lugha unayoota nayo.

Usimfiche daktari maji, damu wala homa.

Usimfiche mtoto uliyemzika. Mtaje. Yeye pia anahesabiwa.

Wewe unayetafsiri, usijibu. Hata kama ni binti yako. Hata kama jibu unalijua.

Na wakikuambia utoke nje, usigombane nao, usiwatukane, usilie. Usitoke.